Biskuti za Shukrani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa tatu na robo asubuhi, na ilipofika saa tatu na nusu dari ya chumba cha habari ilikuwa inavuja mahali palepale pa mwaka jana. Ndoo imewekwa juu ya meza ya michezo.

Saa nne Mmiliki wa gazeti aliniita ofisini kwake. Nilimkuta Meneja wa Matangazo ameshaketi, amekunja nne, anatabasamu. Chumba cha habari chote kinamwita Tabasamu. Nadhani anajua.

Mmiliki hakuzunguka. Meneja Mkuu anastaafu mwisho wa mwaka. Atakayeshika nafasi yake lazima asome shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya jioni, na gazeti litamsomesha mtu mmoja tu. Chuo hakimpokei mtu bila mtihani wa kujiunga: hesabu, hoja na takwimu, saa mbili na robo mbele ya kompyuta. Kiwango cha chini ni alama 600. Kati yetu wawili, atakayekuwa na alama za juu zaidi kufikia tarehe 31 Mei ndiye atakayekwenda.

"Tarehe ni tarehe," alisema. "Nisije nikaletewa hadithi."

Nina miaka arobaini na minne, na ishirini na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza humu nikiwa mwandishi wa habari. Naiandika sababu yangu mapema nisije nikajidanganya baadaye: cheo chenyewe sikitamani sana. Sitaki Tabasamu akipate. Novemba aliomba ukurasa wa kwanza wote upewe tangazo la rangi za nyumba, siku ambayo tulikuwa na habari ya daraja lililoanguka. Alishindwa kwa kura moja kwenye kikao cha wahariri. Akiwa Meneja Mkuu hatahitaji kura.

Jumamosi, 8 Machi

Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Ngazi zote zinanuka sponji mpya. Wanafunzi ni kumi na wanne, wengi wa mabenki na kampuni za simu. Mwalimu anaitwa Profesa. Nilimuuliza ni profesa wa chuo gani, akacheka: "Wa hapahapa juu, mama." Anafundisha vizuri. Hilo lazima niliseme.

Mambo mawili nimeyaandika pembeni. Simu zote zinaachwa kwenye kikapu mlangoni. Na mazoezi ya mwisho wa kipindi yako kwenye karatasi za njano, ambazo Profesa huzigawa kwa kuhesabu na kuzikusanya kwa kuhesabu. Leo moja ilipungua. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka ilipopatikana chini ya kiti.

"Hilo ni jasho langu," alisema. "Nikiwaachia, kesho mji mzima una nakala."

Inaingia akilini. Nimeiandika hata hivyo.

Dakika kumi baada ya kuanza, mlango ulifunguliwa.

"Dada! Kumbe na wewe uko huku?"

"Niko huku."

"Basi tutanoana. Kisu hakijinoi chenyewe."

"Angalia tu usijikate kidole."

Darasa lilicheka, na Tabasamu akacheka kuliko wote. Jaribio la kwanza: mimi 480, yeye 510.

Jumanne, 11 Machi

Uwiano. Asilimia. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mume wangu ni fundi saa, kwa hiyo mtunza muda ninaye nyumbani. Kila asubuhi kabla hajaenda kibandani kwake ananipa maswali kumi, saa ya mkononi ikiwa mezani mbele yake.

"Dakika mbili na sekunde arobaini," alisema leo.

"Nilikuwa nafikiri."

"Za kufikiri wamekupa dakika mbili. Hizo arobaini umewaibia."

Kisha alilisoma swali mwenyewe. Mtu anajaza tangi kwa bomba la juu huku bomba la chini liko wazi. Tangi litajaa baada ya saa ngapi? Alilisoma mara mbili. "Mke wangu, huyu mtu hana haja na hesabu. Ana haja na fundi bomba."

Jumamosi, 15 Machi

Kuna aina ya swali ambalo halitaki jibu. Linakupa taarifa mbili, kisha linakuuliza kama zinatosha kulipata jibu: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote pamoja, au hata pamoja hazitoshi. Wenzangu wanalichukia. Mimi nimelifanya miaka ishirini na mmoja bila kujua kwamba lina darasa lake. Nilipata tisa kati ya kumi.

Saa tano aliingia karani wa benki aliyefanya mtihani wiki hii na kupata 640. Darasa lilisimama kumpigia makofi. Hapa pana desturi: anayetoka mtihanini analeta boksi la biskuti, tunakula, halafu anaingia na Profesa kwenye chumba kidogo cha nyuma "kutoa shukrani", na mlango unafungwa. Karani alikaa humo saa moja na dakika tano. Siku ya harusi yangu nilimshukuru baba mkwe kwa dakika tatu, na wageni wakasema nimezidisha.

Ijumaa, 21 Machi

Tabasamu hayupo kazini. Ameomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

Jumatatu, 24 Machi

Tabasamu amerudi. Shavu halijavimba. Saa sita alikuwa akitafuna karanga kwa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Jumamosi hakuja darasani.

"Jino limeponaje, bwana?"

"Lipi?" alisema. Halafu: "Aa. Limepona, Dada. Asante kwa kuniulizia."

Taarifa ya kwanza: mtu anasema alikuwa kwa daktari wa meno. Taarifa ya pili: mtu huyo hakumbuki kwamba ana jino. Pamoja zinatosha kujua kuwa amedanganya. Kwa nini, hazitoshi.

Jumamosi, 29 Machi

Nilifika mapema kwa sababu ya mvua. Nilitaka kuwahi kabla barabara haijajaa maji. Ilikuwa saa mbili na dakika nne. Darasa tupu. Nikakaa nyuma karibu na kabati nikakausha viatu.

Saa mbili na dakika kumi alipanda Tabasamu. Hakuniona. Koti lilikuwa limetuna kifuani, na alipolifungua niliona boksi la biskuti. Akagonga mlango wa chumba kidogo. Profesa akafungua, akatazama huku na huku kama mtu anayetoa takataka mchana, akamwingiza.

Saa mbili na dakika kumi na tisa alitoka. Boksi bado analo mkononi, halijafunguliwa. Aliponiona alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuona meno.

"Dada. Umekuja mapema."

"Na wewe."

"Karibu biskuti," alisema, akaniwekea boksi zima juu ya meza, akashuka ngazi. Hakurudi kipindi chote. Profesa alifundisha kama mtu aliyekosa usingizi, na alipozikusanya karatasi za njano alizihesabu mara mbili.

Naandika nilichokiona, halafu naandika ninachokiamini, kila kimoja mahali pake. Nilichokiona: dakika tisa, boksi halikuliwa, mtu hakubaki. Ninachokiamini: Tabasamu amenunua kitu. Profesa ana maswali ambayo sisi wengine hatuonyeshwi, na Tabasamu ameyachukua yote kwa mkupuo, ndiyo maana darasa halimhusu tena.

Biskuti zilikuwa za tangawizi. Nilikula nne.

Jumatano, 2 Aprili

Ndoo sasa ni mbili. Mhariri wa michezo amehamia meza ya dini.

Jumamosi, 5 Aprili

Jaribio: 570. Tabasamu hayupo. Nilimuuliza Profesa yuko wapi.

"Kila mtu na njia zake, Mama Habari," alisema, na akageuka kufuta ubao uliokuwa tayari umefutwa.

Jumamosi, 12 Aprili

605. Nimevuka. Karatasi za njano ndizo zinazonibeba: maswali yake ni magumu kuliko ya vitabu, na yana namna fulani ya ujanja ambayo sasa nimeizoea. Mume wangu amenipunguzia muda hadi dakika moja na nusu.

Jumatano, 16 Aprili

Leo nilimfuata.

Wiki mbili sasa Tabasamu anatoka saa sita kamili na kurudi saa saba kasoro tano, suruali imelowa hadi magotini. Mkahawa wa karibu hauko mbali hivyo. Nilichukua mwavuli nikatoka nyuma yake. Alivuka barabara kuu, akapita nyuma ya posta, akaingia maktaba ya mji. Alikaa meza ya mwisho karibu na dirisha, akafungua kitabu kikubwa kilichochakaa, kile cha mazoezi kinachotolewa na waandaaji wa mtihani wenyewe, ambacho mtu yeyote anaweza kukiazima. Hakuwa akitabasamu. Midomo ilikuwa inachezacheza kama ya mtu anayehesabu mishono.

Saa sita na dakika thelathini na nane aliinuka kwenda chooni. Nilitarajia kukuta karatasi za njano ndani ya kitabu. Nilikwenda mezani kwake nikakifungua. Nimewahi kusoma makaratasi ya watu kichwa chini mbele ya macho yao, lakini kupekua kitabu cha mfanyakazi mwenzangu ni mara ya kwanza. Naliandika kwa sababu nilifanya.

Hakukuwa na karatasi za njano. Kulikuwa na daftari lenye safu tatu: swali, kosa langu, kwa nini nilikosea. Kurasa sitini hivi, mwandiko mdogo. Sehemu moja ameandika: "Nilisoma haraka kwa sababu nilitaka liwe rahisi." Na katikati ya kitabu, karatasi ya matokeo ya mtihani wenyewe. Jina lake. Tarehe 21 Machi. Alama 490.

Basi huyo ndiye daktari wa meno. Alikwenda kufanya mtihani kimya kimya akaanguka.

Nilirudi ofisini nikiwa na furaha, na furaha hiyo sikuifunika. Ila kuna kitu hakikai sawa. Aliyepata 490 ana shukrani gani ya kutoa?

Jumamosi, 19 Aprili

630. Kuhusu zile shukrani sikuuliza.

Jumamosi, 3 Mei

665. Profesa aliandika alama zangu ubaoni akazizungushia duara. "Umeiva. Nenda kabla hujaoza." Nimejiandikisha kwa tarehe 14.

Jumanne, 6 Mei

Tabasamu alisimama mezani kwangu muda mrefu bila shughuli.

"Bado unakwenda kule juu ya magodoro?"

"Nakwenda. Vipi?"

Alitazama ndoo ikidondokewa. "Hamna. Nauliza tu."

Ananichunguza. Nimeanza kufunga droo kwa ufunguo.

Jumatano, 14 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mume wangu alinisindikiza hadi mlangoni pa kituo cha mtihani, jengo la ofisi lenye mlango wa vioo, akanivua saa ya mkononi kwa sababu hairuhusiwi. "Nitakutunzia," alisema. "Ikichelewa nitaisamehe."

Mapokezi nilitoa kitambulisho. Mlinzi mwanamke alinitaka nigeuze mifuko nje, nikunje mikono ya blauzi, nivue miwani aitazame kila upande. Kisha nikapewa tamko la kusoma. Aya ya tatu inasema kwamba maswali ni siri, kwamba sitayatoa kwa mtu yeyote kwa mdomo wala kwa maandishi, na kwamba sijayapata kabla kwa mtu yeyote. Nilitia saini. Nikapewa ubao mdogo wa plastiki na kalamu mbili. Juu ya kila kiti kuna kamera.

Kompyuta hii ina tabia yake, na anayejiandaa huifahamu: ukijibu vizuri, swali linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosea, inakushushia jepesi. Kwa hiyo mtu akipata swali rahisi huingiwa na hofu. Maswali matatu ya kwanza yalinitoa jasho. La nne likaja: mwenye duka la viatu amefungua duka la pili mtaa wa tatu, mauzo ya duka la kwanza yameshuka, anadai duka la pili ndilo limemuua, ni taarifa ipi inayodhoofisha dai lake?

Nilijua jibu kabla sijamaliza kusoma. Nikadhani kompyuta imenishusha. Nilipata hofu, nikasoma tena polepole. Halikuwa jepesi. Nilikuwa nimelifanya. Viatu vilevile, mtaa wa tatu uleule, jibu la nne kutoka juu: barabara ya mbele ya duka la kwanza ilifungwa miezi miwili kwa ukarabati. Karatasi ya njano, Jumamosi moja ya Aprili. Nilikuwa nimemtania mwenzangu kuhusu mkandarasi.

Nilibonyeza la nne. Ndilo jibu sahihi.

La kumi na moja: boti mbili na mto. Njano. La kumi na tisa: jedwali la vitanda vya hospitali. Njano. Baada ya hapo niliacha kuyaogopa maswali nikaanza kuyahesabu, na huko ndiko kulikonitisha zaidi. Kufikia mwisho yalikuwa saba, na pengine nane. Moja sina hakika.

Yote niliyajibu. Ningeweza kuinua mkono nikamwita msimamizi. Sikuinua.

Alama zilitokea kwenye skrini papo hapo: 665.

Mume wangu alikuwa chini ya kibaraza, amelowa bega moja. Alinitazama akasema, "Umefeli."

"Nimepata mia sita sitini na tano."

"Sasa mbona una uso wa mtu aliyegonga ng'ombe?"

Alhamisi, 15 Mei

Chumba cha habari wamenipigia makofi. Mmiliki amenipa mkono. Tabasamu naye alikuja. "Hongera, Dada," alisema, akanitazama machoni sekunde mbili zaidi ya inavyohitajika. Yeye anarudia mtihani tarehe 21.

Jioni Profesa alipiga simu. "Jumamosi usisahau biskuti, Mama Habari. Njoo wakati kichwa bado cha moto."

Kichwa bado cha moto. Nimekaa na maneno hayo hadi chai imepoa. Hakuna anayeshukuru kwa kichwa.

Jumamosi, 17 Mei

Nilikwenda na biskuti. Watu walikula. Chumba kidogo kina meza, viti viwili, feni iliyokufa na rundo la karatasi za njano ambazo hazijaandikwa kitu. Profesa alichonga penseli.

"Haya, mama. Usijali mpangilio. Anza na unalolikumbuka vizuri."

"Lipi?"

"Swali lolote. Wewe nitajie, mimi nitaliweka sawa."

Niliweka daftari langu juu ya meza. "Kabla ya hapo nina maswali yangu. Nimeingia humu kama mwandishi wa habari. Nakuambia mapema, kabla hujajibu."

Alicheka, kisha akacheka tena kidogo. "Unatania."

"Ni watu wangapi wamekaa kwenye kiti hiki?"

"Mama, una mia sita sitini na tano. Unatafuta nini zaidi?"

"Idadi."

Alitazama mlango. "Na wewe umekula. Jumamosi kumi umekula humu."

"Nimekula. Hilo nalo litaandikwa."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomfungua, maana aliweka penseli chini. Alisema watu zaidi ya thelathini, kwa miaka minne. Alisema wanafunzi hawajui. Wanadhani ni mazoezi, na wanaoingia kushukuru wanadhani wanamsaidia mwalimu kupima ugumu. Alisema kila mahali wanafanya hivi. Nilimuuliza ni wapi, anitajie hata mahali pamoja tu, hakutaja.

"Kuna aliyekataa?"

"Mmoja." Alijikuna shingo. "Yule mwenzako wa matangazo. Ameanguka mtihani, kaja asubuhi na biskuti zake kwa adabu, anasema desturi ni desturi hata kwa aliyeshindwa. Nikamwambia haya, nitajie. Akasema, lakini si tulitia saini? Nikamwambia wote wametia saini. Akachukua boksi lake akaondoka."

Niliandika. Mkono ulikwenda kama kawaida. Dakika tisa.

Jumapili, 18 Mei

Nimemweleza mume wangu. Alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake na hakuinua kichwa.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi si kosa lako."

"Hadi swali la nne sikujua."

Hapo akainua kichwa.

Jumatatu, 19 Mei

Nilimngoja Tabasamu kwenye ngazi za ofisi saa moja na nusu asubuhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakuuliza nini. Alikung'uta mwavuli. "Ningekuambia nini, Dada? Kwamba mimi nimefeli, kwa hiyo mwalimu ni mwizi? Habari hiyo ungeiandikaje?"

Nilifikiri. Ningeandika kwamba mshindani aliyeshindwa anatafuta kisingizio.

"Halafu mwezi wa nne ukanipekulia kitabu," alisema.

"Ulijua?"

"Ile karatasi ya matokeo huwa naiweka kichwa chini, nisiione kila nikifungua. Niliikuta imesimama wima kama askari." Akacheka, na mimi nikacheka, bila kutaka.

"Lakini ukaniacha niendelee kwenda."

Kicheko kikamtoka usoni. "Nilikuacha."

"Kwa nini?"

"Siku moja nilikuja mezani kwako nikuambie. Nikakuta umevuka mia sita thelathini, nimesikia. Nikajiambia, huyu mtu wa habari, anajua kila kitu, hili halijui? Analijua." Alifunga mwavuli. "Halafu nilitaka kukushinda. Si kwa kukuambia. Nilitaka kukushinda hivihivi."

Hilo la mwisho nimelipa uzito kuliko yote aliyoyasema, kwa sababu halimpambi.

Jumanne, 20 Mei

Habari nimeimaliza: maneno mia tisa. Kabla ya kuichapisha nilimpa Profesa nafasi ya kujibu kwa maandishi. Hajajibu. Aya ya nne inasema kwamba mwandishi wa habari hii alihudhuria darasa hilo kwa Jumamosi kumi, alifanya mtihani tarehe 14 Mei, na alikutana na maswali yasiyopungua saba aliyokuwa ameshayaona.

Mhariri Mkuu aliisoma amesimama.

"Aya ya nne itoe."

"Ikitoka, toa na jina langu."

"Nisikilize, mama. Nimekuajiri mimi, nakufahamu. Habari hii haiozi. Tuichapishe Juni tano. Tarehe 31 itakuwa imepita, nafasi unayo, halafu unamwaga kila kitu. Nani atakulaumu?" Akashusha sauti. "Au unataka tuongozwe na yule wa rangi za nyumba?"

Sitaki. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba Jumamosi hii wanafunzi watatu wanaingia mtihanini kutoka darasa lile, na mmoja ni mwalimu wa shule aliyeomba likizo bila malipo ili asome. Tukisubiri Juni nao watatia saini aya ya tatu ya lile tamko.

"Hawana uhusiano na wewe."

"Nimekaa nao darasa moja."

Alirudisha kurasa mezani. "Kalale. Kesho utakuwa na akili."

Jumatano, 21 Mei

Nimelala vizuri. Saa tatu asubuhi nimewaandikia waandaaji wa mtihani: namba yangu, maswali saba kwa maelezo, la nane ambalo sina hakika nalo, tarehe za Jumamosi zote. Nimewaomba wazifute alama zangu wakiona inafaa. Nilibonyeza kutuma, kisha nikampelekea Mhariri Mkuu nakala, ili asiwe tena na kitu cha kunishauri.

Saa nane Tabasamu ametoka kituoni na 615.

Ijumaa, 23 Mei

Imetoka ukurasa wa kwanza. Aya ya nne ipo.

Jumamosi, 24 Mei

Nilipita kwa miguu. Mlango wa juu una kufuli. Mwalimu wa shule alikuwa amesimama kwenye ngazi na bahasha yake.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mimi."

"Mtihani wangu ni saa nane leo. Mimi nitajuaje lipi nimelijua na lipi nimelikariri?"

Nilimwambia kwamba waandaaji wanaruhusu kuahirisha hadi saa moja kabla, na kwamba nina namba yao. Alisema namba anayo. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu.

Jumatano, 28 Mei

Jibu limefika. Alama zangu zimefutwa. Hawanihesabii kosa, naruhusiwa kurudia baada ya siku thelathini, yaani mwisho wa Juni. Nilimpelekea Mmiliki barua hiyo. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Lakini tarehe ni tarehe."

Nilijua atasema hivyo. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua haijanyesha kwa siku tatu. Ndoo zimerudishwa stoo.

Jana jioni Tabasamu alikuja mezani kwangu na bahasha ya chuo. Wanataka barua ya mtu anayemfahamu mwombaji kikazi.

"Mwombe Mmiliki," nilimwambia.

"Mmiliki atanisifu. Wao wamesema wanataka mtu atakayesema ukweli."

"Ukweli wote?"

"Wewe ukiandika nusu utaumwa, Dada."

Fomu ina kurasa mbili. Nimeijaza asubuhi hii, mume wangu akiwa upande wa pili wa meza, bila kunihesabia muda. Wanauliza nimemfahamu kwa miaka mingapi: tisa. Wanauliza udhaifu wake: nimeandika habari ya daraja na tangazo la rangi, kwa tarehe. Wanauliza tukio moja linaloonyesha uaminifu wake. Nimeandika alichokataa, mahali, na jina la aliyenithibitishia. Nimeandika pia kwamba alikaa kimya wiki saba wakati kusema kungemsaidia mtu mwingine, na kwamba nilipomuuliza hakujitetea.

Swali la mwisho: je, ungekuwa tayari kufanya kazi chini ya mwombaji huyu? Wameweka visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana.

Nimetia alama kwenye Ndiyo. Pembeni, kwa kuwa palikuwa na nafasi, nimeongeza kwa mkono: kwa sasa.